Barua ya wazi: Wasichana wanaojinyima chakula wapewe wodi yao, na mama zao walale humo

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya, Mheshimiwa Waziri wa Elimu na Michezo, na Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Afya ya Bunge la Uganda,

Salamu nyingi kutoka West Nile, kaskazini-magharibi mwa nchi yetu.

Mimi ni muuguzi katika shule ya sekondari ya bweni ya wasichana. Nina ombi moja, na nitalitaja mapema ili msilitafute chini ya maneno mengi. Naomba hospitali ya umma ya rufaa ianzishe wodi ndogo ya kuwalaza wasichana wa miaka 13 hadi 19 wenye magonjwa ya ulaji. Mama, shangazi au bibi wa mgonjwa akae humo pamoja naye na afundishwe kumlisha. Na masomo ya msichana yaendelee akiwa humo humo. Kwa sasa, msichana wa namna hii anapoanguka mikononi mwangu, sijui mlango wa kubisha.

Nianze na ugonjwa wenyewe, maana nikiutaja kwenye vikao huambiwa ni deko la watoto wa siku hizi. Mwenye anoreksia hujinyima chakula mpaka mwili unaanza kula misuli yake, na bado haoni hatari yoyote. Akijitazama anaona hajakonda vya kutosha. Mwenye bulimia hula chakula kingi kwa mkupuo mmoja bila kuweza kujizuia, kisha huenda chooni kujitapisha, au humeza dawa za kuharisha, au hushinda na njaa kutwa ili kulipia alichokula. Wapo pia wanaokula hivyo bila kutapika. Hao kwa kawaida hunenepa, kwa hiyo hakuna anayewadhania kuwa wagonjwa. Wavulana nao huugua, ingawa ni wachache zaidi. Na si jambo la jana: William Gull wa London na Charles Lasègue wa Paris walieleza habari za wasichana wanaokataa kula mwaka 1873, kabla ya simu na televisheni. Mara nyingi ugonjwa huanza katika ujana, miaka ile ile ambayo mifupa inajengwa na mtoto anajiandaa kwa mtihani wa taifa. Nao unaua. Katika magonjwa yote ya akili, anoreksia ni miongoni mwa yale yanayoua zaidi. Wengine moyo husimama, wengine hujiua.

Shule ya bweni ni mahali rahisi sana pa kuuficha. Ukumbi wa chakula una wasichana mamia, posho (ugali) na maharagwe vinagawiwa kwa foleni, na mwalimu wa zamu anaangalia nidhamu na kelele; nani amekula na nani amezungusha tu kijiko, hapati nafasi ya kuona. Chakula kikimwagwa kwenye ndoo ya makombo hakuna anayeandika jina. Msichana akisema amefunga kwa ajili ya maombi, anasifiwa. Akisema tumbo linamuuma, anapewa dawa ya vidonda vya tumbo na ruhusa ya kukosa chakula cha jioni. Siku ya wazazi kutembelea anakula mbele ya mama yake, kuku na chapati, anacheka, na mama anarudi nyumbani moyo umetulia. Yanayotokea chooni baada ya magari kuondoka huyajui mpaka wenzake wa bwenini waje kukunong'oneza.

Mimi nimejifunza kuangalia vitu vidogo. Sweta mchana wa Februari, wakati West Nile nzima inatokwa jasho. Vinyweleo laini vinavyoota mikononi na mgongoni. Hedhi iliyokatika miezi kadhaa. Mashavu yaliyovimba chini ya masikio, meno yaliyolika upande wa ndani, na makovu kwenye vifundo vya vidole, vile anavyovisukuma kooni. Anayekimbia kuzunguka uwanja alfajiri kabla ya kengele, peke yake, na haruki hata siku ya mvua. Anayewapikia wenzake chai na kuwagawia biskuti za sandukuni mwake, yeye asionje. Na mapigo ya moyo. Kwa kijana, mapigo yakiwa chini ya 50 kwa dakika mchana akiwa macho, miongozo ya kitabibu ya vijana inasema alazwe. Nina saa na vidole viwili, kuhesabu hakunishindi. Kinachonishinda ni pa kumpeleka nikishahesabu.

Niwasimulie habari ya mmoja, bila kutaja jina lake wala shule. Alikuwa kidato cha tatu, binti wa mwalimu, wa kwanza darasani karibu kila muhula. Alipoanza kukonda, jambo la kwanza alilofanyiwa lilikuwa kipimo cha mimba, la pili kipimo cha virusi vya Ukimwi. Siwalaumu waliompima. Hii ni nchi iliyouona ugonjwa wa "Slim", kama tulivyouita Ukimwi mwanzoni, ukimaliza vijiji vya Rakai, kusini mwa nchi. Mwaka 1985 madaktari wetu waliandika juu yake katika jarida la Lancet, na tangu hapo mtu aliyekonda Uganda hubeba uvumi mgongoni. Familia ilipopata majibu kwamba hana virusi, walimshukuru Mungu, lakini hawakutaka tena aonekane hospitali, kwa sababu majirani hawakuyasoma majibu. Alifungiwa ndani likizo nzima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na hapa kilikaribia sana.

Aliporudi shuleni mapigo yake ya usiku yalikuwa chini ya 45. Tulimpeleka hospitali moja, ambayo sitaitaja. Walimtazama wakasema huyu ana njaa, wakamtundikia drip ya glukosi na kuagiza apewe chakula kingi haraka iwezekanavyo. Kwa mtu wa kawaida ni huruma. Kwa mwili uliokaa na njaa miezi mingi ni hatari kubwa. Mwili huo umezoea kuishi kwa mafuta na misuli yake. Ukimiminiwa sukari ghafla, insulini hupanda na kuvuta fosfeti, potasiamu na magnesiamu kutoka kwenye damu na kuziingiza ndani ya chembe. Damu ikipungukiwa na madini hayo, miguu hujaa maji, pumzi hubana, moyo hupoteza mdundo. Madaktari waliliona jambo hili kwa wafungwa waliokombolewa baada ya Vita Kuu ya Pili: walinusurika kambini, wakafa mezani. Binti yetu alivimba miguu siku chache tu baada ya kulazwa, akaanza kuhema. Tabibu mmoja wa zamu ya usiku alisimamisha drip, na naamini huyo ndiye aliyemwokoa.

Baba yake alimpeleka Kampala kwa basi la usiku, karibu kilomita 500. Huko akawekwa wodi ya watu wazima, kati ya wanawake waliokuwa na maradhi mengine kabisa ya akili, akiwa na miaka kumi na sita. Hakuna aliyemtendea ubaya. Hakuna aliyekaa naye wakati wa chakula pia, kwa sababu wauguzi walikuwa wawili kwa wodi nzima. Sahani zilirudi zimejaa, na baba alipoona hivyo akamrudisha nyumbani. Yuko hai. Hasomi tena.

Waheshimiwa, kinachoniuma katika habari hii ni kwamba ujuzi wote aliouhitaji upo Uganda, tena umekuwapo kabla wengi wetu hatujazaliwa. Pale Mulago, hospitali ya taifa ya rufaa jijini Kampala, kuna kitengo cha Mwanamugimu, kilichoanzishwa mwaka 1965 kwa ajili ya watoto wenye utapiamlo mkali. Na kabla yake, katika miaka ya 1950, Mulago ilikuwa moja ya mahali ambapo dunia ilijifunza kuutambua ugonjwa wa kwashiakoo. Muuguzi wa lishe anajua kwamba mtoto aliyedhoofika sana hapewi chakula kingi siku ya kwanza: anaanza na maziwa ya F-75, yenye kalori 75 kwa kila mililita 100, kidogo kidogo, usiku na mchana, huku akiongezewa madini, mpaka mwili utulie, ndipo anapandishwa F-100, maziwa yenye kalori zaidi. Hatari iliyomvimbisha binti yetu ndiyo hiyo hiyo wanayoizuia wao kila wiki. Bila shaka kijana hatibiwi kwa maziwa yale yale wala kwa vipimo vile vile. Lakini uangalifu ni mmoja, vipimo vya damu ni vile vile, na hofu ya haraka ni ile ile.

Mwanamugimu ilifanya jambo lingine ambalo nataka mlizingatie kuliko yote ninayoandika hapa. Haikumtenga mama. Mama alikaa na mtoto, akafundishwa kuchanganya vyakula vinavyopatikana shambani kwake, kile Baganda wanachokiita kitobero, na akarudi kijijini akijua kilichomponya mwanawe na namna ya kukiendeleza. Miaka ishirini na kitu baadaye, London, madaktari wa Hospitali ya Maudsley walifikia jambo la jamaa moja kwa wasichana wenye anoreksia. Utafiti wao wa mwaka 1987 ulionyesha kwamba vijana ambao ugonjwa wao haujakaa muda mrefu hupona vizuri zaidi wazazi wanapofundishwa kusimamia milo nyumbani, kuliko kijana anapotibiwa peke yake. Mpaka leo hiyo ndiyo tiba yenye ushahidi mzito zaidi kwa wasichana wa umri huu. Hakuna kidonge kinachoponya anoreksia. Dawa ni chakula, na mtu anayekupenda aliyekaa mbele yako hadi sahani iishe, bila matusi na bila kukubali kudanganywa.

Tazameni sasa hospitali zetu zilivyo. Nani analala chini ya kitanda cha mgonjwa, juu ya mkeka? Nani anawasha sigiri nyuma ya wodi, anafua, anabeba maji, anamgeuza mgonjwa usiku? Katika nchi nyingine wazazi huachwa getini, halafu hutengenezwa mipango ya gharama kubwa ya kuwarudisha. Sisi tunao tayari, tunawaita wahudumu wa mgonjwa, na kazi tunayowapa ni kufua mashuka. Mfundisheni huyo mama. Mwambieni kwa nini mwanawe anatetemeka mbele ya sahani, kwa nini asimpigie kelele, kwa nini akae naye saa nzima baada ya kula asimwache aende chooni peke yake. Atafanya kazi ambayo wauguzi wawili wa wodi nzima hawawezi kuifanya.

Nasema "wodi ndogo" kwa makusudi. Marekani nyumba ya kwanza ya kulaza wagonjwa wa ulaji peke yao, nje ya hospitali, ilifunguliwa Philadelphia mwaka 1985, na leo huko ni biashara kubwa. Familia hulipa maelfu ya dola kwa mwezi, na mtoto hukaa muda mrefu mbali na kwao. Zipo zinazotibu vizuri. Lakini katika biashara pana ya nyumba za kuwalaza vijana wenye matatizo ya kila aina, ukatili ulikithiri hadi bunge lao likalazimika kupitisha sheria dhidi yake mwishoni mwa mwaka 2024. Tusiige hilo. Utafiti uliofanywa Ujerumani na kuchapishwa katika Lancet mwaka 2014 ulionyesha kwamba wasichana waliolazwa muda mfupi mpaka mwili utulie, kisha wakawa wanakuja hospitali mchana na kulala kwao, hawakuwa na hali mbaya kuliko waliobaki wodini muda wote. Kwa hiyo kitanda ni cha kuokoa moyo na kuanzisha kula. Kupona kwenyewe huendelea nyumbani kwa miezi mingi, na mgonjwa huanguka na kuinuka tena.

Vitanda vinane vingetosha kuanzia. Naona viwe Mulago karibu na wataalamu wa lishe na maabara, kwa sababu wiki ya kwanza hatari iko kwenye damu na moyo. Timu ya akili itoke Butabika, hospitali ya taifa ya magonjwa ya akili. Najua Butabika ina wodi ya watoto na vijana, na nawaheshimu wanaofanya kazi pale. Lakini hospitali hiyo, iliyofunguliwa mwaka 1955, ina vitanda takriban 550 kwa taifa zima na mara nyingi wagonjwa huzidi idadi hiyo; kuiongezea mzigo bila kuiongezea watu ni kuionea. Na niseme ukweli mwingine: mzazi wa huku kwetu akisikia neno Butabika, anamficha mtoto. Hilo tunapaswa kulibadilisha, na tunalibadilisha taratibu, ila msichana mwenye mapigo 44 hawezi kusubiri mpaka tumalize. Madaktari bingwa wa akili nchini hawafiki hata mmoja kwa kila watu nusu milioni, kwa hiyo kazi ya kila siku ingeshikwa na maofisa wa tiba ya akili, wauguzi, mtaalamu wa lishe mmoja na mwalimu mmoja. Mulago ikishajua kazi hii, hospitali za rufaa za mikoa, ambazo nyingi zina vitengo vya akili, zitenge kila moja vitanda viwili na zitume watu wao Kampala kujifunza.

Na siku ndani ya wodi hiyo iwe ya kawaida, yenye ratiba. Asubuhi kupimwa uzito na mapigo, na msichana asilazimishwe kuitazama namba ya mizani. Milo mitatu na vitafunwa katikati, kwa vyakula vyetu: uji wa mtama wenye maziwa, matoke na mchuzi wa karanga, enyasa (ugali wa huku kwetu) na simsim, mayai, mukene (dagaa). Baada ya kila mlo wanakaa pamoja, wanasuka, wanacheza karata, wanaongea mambo mengine kabisa. Masomo saa mbili au tatu kwa siku, akili ikisharudi kufanya kazi, maana ubongo wenye njaa hausomi. Jioni, kikao cha kikundi. Hapo pia hatuanzi sifuri. Mwaka 2003 lilichapishwa jaribio lililofanywa katika vijiji vya Rakai na Masaka, ambapo watu wa kawaida waliofundishwa kwa muda mfupi waliongoza vikundi vya mazungumzo juu ya msiba, ugomvi, upweke na mabadiliko ya maisha, na sonona ikapungua sana kwa waliohudhuria. Mwaka 2007 ikaonekana tena kwa wasichana waliokuwa katika kambi za wakimbizi wa ndani kaskazini. Tiba hiyo hiyo ya vikundi, inayoitwa tiba ya mahusiano, imejaribiwa kwingineko kwa bulimia na ikasaidia. Wanaojua kuiongoza wapo nchini leo.

Wahudumu wazungumze lugha ambazo mama anazielewa. Huku kwetu wodi moja inaweza kuwa na Mlugbara, Mkakwa, Malur, Mmadi na mkimbizi kutoka Yei au Bunia, na mara nyingi Kiswahili ndicho kinachowakutanisha. Serikali iliamua mwaka 2022 kukipa Kiswahili nafasi ya lugha rasmi. Basi karatasi ya maelezo ya mama wa mgonjwa iwe nacho.

Najua mtakachoniuliza, kwa sababu nimeulizwa na watu ninaowaheshimu. Karamoja watoto wanakufa kwa kukosa chakula. Bidibidi, hapa jirani, mgao wa wakimbizi umekatwa. Wewe unaomba vitanda kwa wasichana waliowekewa chakula wakakikataa?

Swali hilo ni la haki, na nalijibu kwa uchungu, sio kwa hasira. Msichana huyu hakuuchagua ugonjwa wake, kama vile mwenye kifafa asivyochagua kuanguka. Njaa yenyewe hubadilisha akili. Mwaka 1944 na 1945 huko Minnesota, Marekani, Ancel Keys na wenzake waliwapunguzia chakula kwa miezi wanaume 36 wenye afya waliojitolea. Wanaume hao walianza kuota chakula, kukusanya maelezo ya mapishi, kukata mkate vipande vidogo sana, kujitenga na kununa. Wengine, waliporuhusiwa kula, walishindwa kujizuia. Walikuwa watu wazima timamu. Mtoto wa miaka kumi na nne akishatumbukia humo, hata kama alianza kwa kufunga au kwa kutaniwa tu, akili inayotakiwa kumtoa ndiyo iliyokwisha kudhoofika. Tena wodi hii haimnyang'anyi mtoto wa Karamoja kitu. Wauguzi wanaojua kulisha mwili uliodhoofika bila kuuua ndio hao hao tutakaowahitaji ukame ukirudi, na kijana wa kambini aliyekonda kwa kukosa mgao naye ana umri ambao vituo vya lishe, vilivyojengwa kwa ajili ya watoto chini ya miaka mitano, havijauzoea.

Swali la pili: je, huu si ugonjwa wa Wazungu? Ni kweli kwamba kwetu mwili mnene ulipendwa. Wahima wa Ankole waliwanywesha mabinti maziwa kabla ya ndoa ili wanenepe. Mwaka 1994 Adrian Furnham wa London na Peter Baguma wa Makerere walichapisha utafiti uliowaonyesha Waingereza na Waganda michoro ya miili, na Waganda wakaipenda minene zaidi kuliko Waingereza walivyoipenda. Lakini upendo huo haukuwahi kuwa kinga. Huko Fiji nako unene ulithaminiwa. Televisheni ilipofika mwaka 1995, wasichana wa shule walioulizwa hawakusema wanajitapisha ili kupunguza uzito. Miaka mitatu baadaye zaidi ya mmoja kati ya kumi alisema hivyo. Wasichana wetu wa leo wana TikTok usiku kucha wakati wa likizo, wanauziwa chai ya kupunguza tumbo na vidonge vya kuongeza makalio na muuzaji yule yule. Mwaka 2019 hata wizara yetu ya utalii ilitangaza shindano la wanawake wenye maumbo manene kama kivutio cha wageni. Ujumbe unaomfikia binti, awe mwembamba au mnene, ni kwamba mwili wake ni mali ya watazamaji.

Na sio wote wanaokonda kwa ajili ya urembo. Utafiti wa mwaka 2004 kutoka shule za sekondari za Ghana uliwakuta wasichana waliojinyima chakula bila kutaja hofu ya unene hata kidogo. Walizungumzia dini na kujitawala. Nimewasikia wasichana wangu wakisema maneno hayo hayo, na nimekuta ugonjwa umejificha ndani ya Kwaresma na ndani ya Ramadhani. Kwa hiyo wodi iwe na milango wazi kwa mapadri, wachungaji na masheikh. Qur'ani yenyewe inamruhusu mgonjwa kutofunga, na sheikh akimwambia hivyo binti mbele ya mama yake, neno lake lina uzito kuliko langu.

Kuna jambo naliogopa, nalo nawaomba mliweke kwenye maandishi kabla ya ukuta wa kwanza kujengwa. Msichana asipigwe. Asifungwe mikono, asifungiwe chumbani peke yake, asivuliwe nguo mbele ya watu kwa jina la kupimwa uzito. Mpira wa kulishia puani uwe wa mwisho kabisa, maisha yakiwa hatarini, na kwa amri ya daktari iliyoandikwa. Wapo ambao waliacha kula baada ya kubakwa, na wodi inayotumia mabavu itawarudisha pale pale. Sheria ya Afya ya Akili ya mwaka 2018, iliyochukua nafasi ya ile ya 1964, inampa mgonjwa haki zake. Wakaguzi waje bila kutoa taarifa na waongee na wasichana wenyewe faragha.

Kwako Mheshimiwa Waziri wa Elimu, mambo machache. Shule zimefukuza wasichana hawa kwa sababu "wanaiharibia shule jina". Zizuiwe. Msichana akilazwa, nafasi yake itunzwe, na Baraza la Mitihani, UNEB, lipange namna aliyelazwa anavyofanya mtihani. Walimu waache kuzungumzia miili ya wasichana mbele ya darasa, hata kwa kusifu. Na kila shule ya bweni iwe na muuguzi aliyefundishwa dalili nilizozitaja hapo juu. Mafunzo ya siku mbili yanatosha.

Gharama zisimwangukie mzazi. Bima ya afya ya taifa bado hatuna, na baba wa binti niliyewasimulia aliuza ng'ombe wawili kwa nauli, dawa na vipimo. Wakati huo huo Wizara iwaagize watunza kumbukumbu waanze kuandika ugonjwa huu kwa jina lake. Wasichana niliowapeleka vituoni wameandikwa vidonda vya tumbo, minyoo, upungufu wa damu, na mmoja aliandikwa "mapepo" kwenye daftari lake la wagonjwa wa nje. Kisichoandikwa hakiingii kwenye bajeti.

Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma inawataka mawaziri wawasilishe taarifa za sera za wizara zao bungeni ifikapo tarehe 15 Machi, na mwaka mpya wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Naomba vitanda hivi vinane viwe na mstari wao katika taarifa ya Wizara ya Afya ijayo, na Kamati ya Afya iuulizie mstari huo endapo hautakuwapo. Kabla ya hapo, naomba Wizara ituandikie sisi wauguzi wa shule ukurasa mmoja tu: hospitali ipi, mkoa upi, tumpigie nani, na tabibu atakayempokea msichana asimtundikie nini katika saa 24 za kwanza. Mapigo nitaendelea kuyahesabu.

Wenu katika kazi,
Muuguzi wa shule, West Nile